Ufundi wa Ndege Kaskazini mwa Kanada: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa fundi anayefikiria kufanya kazi katika shirika dogo la ndege la kaskazini mwa Kanada, hasa aliyesomea au kufanya kazi kwenye viwanja vya joto. Tumejibu yale ambayo watu huuliza kabla hawajafunga mizigo, na mengine ambayo huyauliza wakiwa tayari na spana mkononi.

Kaskazini ni wapi hasa, na ndege gani zinaruka huko?

Ni Yukon, Northwest Territories na Nunavut, pamoja na Nunavik iliyo juu kabisa ya Quebec. Kazi nyingi ya ufundi iko Whitehorse, Yellowknife na Iqaluit. Nunavut ina jumuiya 25, na hakuna barabara inayotoka mji mmoja kwenda mwingine. Meli huja kiangazi tu, bahari ikiwa imefunguka. Miezi iliyobaki, maziwa ya watoto, dawa, mwalimu mpya na mgonjwa wa dharura wote hupita mlango mmoja, nao ni mlango wa ndege. Ndege ikilala chini, mji mzima unajua.

Ndege zenyewe ni Twin Otter, King Air, Dash 8, ATR 42 na 72, na Boeing 737. Fundi wa Afrika Mashariki hatakuwa mgeni kwao: Precision Air inaendesha ATR, Jambojet inaendesha Dash 8-400, na injini ya PT6A iliyo kwenye Caravan za mbugani ni ndugu wa ile ya Twin Otter. Bolti ni zilezile. Kinachobadilika ni hali ya hewa.

Nahitaji leseni gani?

Leseni hutolewa na Transport Canada, idara ya uchukuzi ya serikali ya Kanada. Kuna M1, M2, E na S. M1 ni ya ndege ndogo na za kati zisizo za jeti, kama Twin Otter na King Air. M2 ni ya zile kubwa zaidi, kama ATR, Dash 8 na 737. E ni ya mifumo ya umeme na elektroniki, S ni ya bati na umbo la ndege.

Kwa M1 na M2 unatakiwa uwe na uzoefu wa miezi 48, na kwa E au S miezi 36. Uwe umefika miaka 21. Daftari lako la kazi lionyeshe umefanya angalau asilimia 70 ya kazi zilizo kwenye orodha ya leseni unayoomba, kila moja ikiwa na saini ya aliyekusimamia. Alama ya kufaulu mtihani ni asilimia 70. Muda wa masomo katika chuo kilichoidhinishwa, kama SAIT ya Calgary au BCIT ya karibu na Vancouver, huhesabiwa kama sehemu ya uzoefu.

Watu wengi hukwama kwenye daftari kuliko kwenye mtihani. Kijana anafanya kazi miaka mitatu, hakusainiwa hata ukurasa, halafu msimamizi wake anahamia shirika lingine. Sainisha kila wiki. Usingoje.

Jua pia kwamba M2 peke yake haikupi ruhusa ya kuiachia ATR iruke. Unahitaji kozi ya aina hiyo ya ndege, kisha shirika lenyewe likupe mamlaka ya kusaini chini ya jina lake.

Nina leseni ya KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania. Inatosha?

Haitoshi kusaini. Ndege iliyosajiliwa Kanada huachiwa na mwenye leseni ya Kanada. Lakini miaka uliyofanya kazi haipotei, kwa sababu uzoefu wa nje unaweza kufikiriwa ukiwa na ushahidi: barua za waajiri zinazotaja aina za ndege na tarehe, nakala za kurasa za daftari, na vyeti vya kozi. Vikusanye ungali nyumbani, maana kumtafuta ofisa wa kumbukumbu kwa simu ukiwa Yellowknife, saa zenu zikipishana kwa saa tisa au kumi, ni kazi nyingine kabisa. Wakati unasubiri leseni unaweza kuajiriwa kama fundi asiye na leseni: unafanya kazi, mwenye leseni anakagua na kusaini.

Zamu zikoje?

Ndege huruka mchana, kwa hiyo matengenezo ya kila siku hufanyika usiku. Zamu ya saa 12 ni ya kawaida. Mashirika mengine huajiri kwa mzunguko: wiki mbili kaskazini kwenye nyumba ya kampuni, wiki mbili nyumbani kusini. Desemba, Yellowknife hupata mwanga wa jua kama saa tano tu kwa siku, na Cambridge Bay jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Anayefanya kazi usiku anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona. Nunua taa nzuri ya kichwani, na panga usingizi wako kwa saa ya ukutani. Dirisha halitakusaidia.

Baridi ni kali kiasi gani, na ninavaaje?

Nyuzi 40 chini ya sifuri si habari ya kushangaza Januari. Hewa ikiwa -40 na upepo wa kilomita 20 kwa saa, mwili unahisi kama -56, na ngozi iliyo wazi huganda ndani ya dakika mbili.

Vaa glovu nyembamba ndani ya glovu kubwa za manyoya. Kazi ya vidole, kama kuanzisha uzi wa nati, ifanye kwa glovu nyembamba kwa nusu dakika, rudisha mkono ndani, upate joto, rudia. Usishike chuma kwa mkono mtupu.

Hatari ambayo wageni hawaijui ni mafuta ya ndege. Maji yangekuwa yameganda, lakini Jet A-1 inabaki kimiminika hadi karibu -47. Maana yake, mafuta yanayokudondokea mkononi ukiwa unatoa sampuli chini ya bawa yana baridi ya -40, na yanagandisha ngozi yako papo hapo. Glovu iliyolowa mafuta haina kazi tena. Ivue, uwe na nyingine mfukoni.

Ndege iliyolala nje usiku inaandaliwaje?

Maandalizi yanaanza jioni, injini ikiwa bado ya moto. Funika injini kwa mablanketi yake, ziba midomo ya kuingizia hewa, weka vifuniko vya pitot (mirija ya kupimia mwendo wa ndege), funika mabawa kama shirika lina vitambaa vyake. Toa betri uipeleke ndani. Betri iliyolala kwenye -30 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na kwa injini ya turbini hilo ni hatari zaidi kuliko kutowaka: ikizungushwa polepole, hewa ni kidogo, mafuta yanaungua bila kupozwa, na joto linapanda ghafla. Kwenye PT6A-27, kikomo cha joto wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde mbili tu. Ukipita hapo injini hiyo inahitaji kufunguliwa. Angalia pia tangi la maji na choo: viwe vimemwagwa vyote, pamoja na yale yaliyobaki kwenye mabomba.

Asubuhi unaleta hita kubwa ya mafuta, ile ambayo kaskazini yote wanaiita Herman Nelson hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine. Bomba moja linaingia chini ya blanketi la injini, lingine ndani ya chumba cha marubani, kwa sababu skrini na jairo nazo zina kikomo cha baridi. Tenga saa moja hadi mbili, na zaidi kukiwa na upepo. Hita iwekwe mahali ambapo moshi wake hautaingia ndani ya ndege. Mdomo wa bomba usigusane na kioo, nyaya wala mipira ya kuvunjia barafu kwenye mabawa. Mtu mmoja akae pale muda wote, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu.

Oili ndiyo inayoamua. Oili za turbini zinazotumika sana zina kikomo cha kuwashia cha -40, na ikipita hapo huwa nzito kama asali. Usiangalie kipimo cha hewa ya uwanja ukasema "leo ni -35, tuko salama." Angalia joto la oili yenyewe, kwa sababu usiku ulikuwa na baridi kuliko asubuhi.

Sasa jambo moja la PT6. Kuna fundi anayezungusha propela kwa mkono, anaona inazunguka vizuri, anaridhika. Lakini kwenye injini hii propela imeunganishwa na turbini ya nguvu peke yake, na kompresa, sehemu inayobana hewa, iko kwenye mhimili mwingine. Theluji iliyoingia jana, ikayeyuka kwa joto la injini, ikatiririka hadi chini ya kompresa na kuganda, huwezi kuihisi kwenye propela. Ukibonyeza stata na mzunguko wa kompresa haupandi mara moja, acha. Rudisha hita, pasha tena, subiri.

Kwani tukiiingiza ndege hanga (banda la ndege) si matatizo yanakwisha?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na tungeomba usome sehemu hii mara mbili. Ndege iliyo kwenye baridi muda wote ina tabia unazoweza kuzitabiri. Inayoharibu ni safari ya kutoka kwenye baridi kwenda kwenye joto na kurudi tena.

Mafuta kwanza. Mafuta ya ndege hutanuka kwa karibu asilimia moja kwa kila nyuzi 10. Ukijaza tangi kwenye -40 kisha ukaivuta ndege ndani ya hanga yenye nyuzi 20, lita 1,000 zinakuwa kama 1,055. Zile 55 za ziada zinatoka kwenye tundu la hewa hadi sakafuni. Ndege inayoingia ndani isijazwe hadi juu.

Kisha maji. Jalidi na theluji iliyokwama kwenye bawaba, kwenye pembe za flapu, kwenye kingo za milango na tumboni mwa ndege huyeyuka. Usipoyatoa, yataganda tena dakika chache baada ya ndege kutoka, na sasa yatakuwa barafu ngumu palepale ambapo kebo na vyuma vinapaswa kuteleza. Futa kwa kitambaa, puliza kwa hewa kavu, zibua matundu yote ya kutolea maji, halafu usogeze usukani wa ndege mwanzo hadi mwisho kabla na baada ya kuitoa nje. Usisahau vali za kutolea sampuli ya mafuta: tone la maji likiganda ndani yake, vali haifungi na mafuta yanadondoka bila kukoma.

Mwisho ni theluji inayoanguka. Bawa lenye joto likitolewa nje wakati wa theluji, chembe za kwanza zinayeyuka, bawa linapoa, zinaganda na kushika. Kwa macho unaona theluji nyepesi juu, chini yake kuna tabaka la barafu. Zima hita na ufungue milango ya hanga mapema, bawa lipoe likiwa bado kavu.

Kwa nini kipimo cha tairi na cha kebo hubadilika bila kitu kuvuja?

Tairi ni hesabu ya gesi. Ukijaza naitrojeni hadi psi 100 ndani ya hanga yenye nyuzi 20, nje kwenye -40 geji itasoma kama 76 au 77. Tairi ni nzima, gesi imesinyaa tu. Jaza kwa kuzingatia uwanja wenye baridi zaidi ambao ndege itatua, kwa jedwali la mtengenezaji. Tumia naitrojeni kavu, maana hewa ya mashine ya kujazia ina unyevu na unyevu ukifika kwenye vali huganda. Shokomzoba za magurudumu nazo hufuata hesabu hiyohiyo, na mipira yake ya kuzuia mvujo husinyaa na kukakamaa, kwa hiyo alfajiri utaona unyevu wa haidroliki ambao jana mchana haukuwapo. Pasha, futa, subiri, kisha pima kwa kikomo cha kitabu kabla hujaagiza sili mpya.

Kebo za usukani huwashangaza wengi. Mwili wa ndege ni alumini, kebo ni chuma, na alumini husinyaa karibu mara mbili ya chuma. Katika urefu wa mita 10, tofauti ya nyuzi 60 inaufupisha mwili kuliko kebo kwa milimita sita hadi saba. Kebo inalegea. Ndiyo sababu kitabu kina jedwali la mkazo kwa kila kiwango cha joto. Iache ndege ikae saa kadhaa hadi joto la ndani na la nje lilingane, ndipo ushike kipima mkazo. Anayekaza kebo dakika 20 baada ya ndege kuingia hanga anapima kitu ambacho bado kinasogea.

Viwanja vya changarawe vinaharibu nini?

Propela kwanza, kisha tumbo, antena, flapu, taa na mabomba ya breki. Boeing ilitengeneza kifaa maalumu cha changarawe kwa ajili ya 737-200: bamba nyuma ya gurudumu la mbele na mabomba ya kupuliza hewa mbele ya injini ili kokoto zisinyonywe.

Kwenye propela ya alumini, pitisha ukucha polepole kwenye ukingo wa mbele. Kipigo kidogo chenye kona kali ni mwanzo wa ufa. Kama kiko ndani ya kikomo, kiondoe kwa tupa laini ukifuata urefu wa ubapa, usikate kukatiza, hadi upate kijibonde chenye kina kidogo, kisicho na kona. Kwa kawaida urefu wake huwa angalau mara 10 ya kina, lakini kitabu cha propela yako ndicho kinachoamua. Laini kwa msasa, tafuta ufa kwa rangi ya kupenya (ile inayoingia kwenye ufa na kuuonyesha), rudisha kinga dhidi ya kutu, paka rangi. Rangi ya kupenya haifanyi kazi yake vizuri chini ya nyuzi nne hivi, kwa hiyo pasha ubapa kwanza, la sivyo utaambiwa hakuna ufa na ufa upo. Propela za kompositi (nyuzi na gundi ngumu) zina utaratibu wake tofauti. Usizipelekee tupa.

Kuna ubaya gani kumwagia ndege dawa ya barafu kila siku?

Dawa ya rangi ya chungwa, aina ya 1, hupashwa moto na kuyeyusha. Ya kijani, aina ya 4, ni nzito na hulinda kwa muda. Ile nzito ikikauka huacha unga kwenye nafasi zilizojificha karibu na elevata na eleroni, vidhibiti vya mkiani na mabawani. Mvua ikija, unga unanyonya maji na kuvimba kama jeli, na angani jeli hiyo inaganda. Rubani anakuta usukani mzito. Wekeni ratiba ya kufungua, kuosha kwa maji ya moto, kukausha na kupaka upya grisi ya baridi kali, kama AeroShell 33 inayofika -73, pale kitabu kinapoiruhusu.

Kipuri hakipo na ndege iko kijijini. Inakuwaje?

Angalia MEL, orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka hata vikiwa havifanyi kazi, kwa masharti. Hitilafu ya kundi B hupewa siku 3, C siku 10, D siku 120. Kisichokuwamo kwenye orodha hakiahirishwi. Kipuri kitakuja na ndege nyingine, kama hewa itaruhusu. Mkoba wa safari uwe na tairi moja, jeki, chupa ya naitrojeni, oili ya kutosha, sili za kawaida, waya wa kufungia bolti zisilegee, na kila kitu cha plastiki kiwe mara mbili, kwa kuwa vifungo vya plastiki huvunjika kama biskuti kwenye -35.

Rubani au meneja akinisukuma nisaini?

Saini yako inasema kazi imefanywa kwa kufuata masharti ya usalama wa kuruka. Ukigusa usukani au vidhibiti vya injini, watu wawili wakague: vimeunganishwa sawa, vimefungwa sawa, na vinakwenda upande unaotakiwa. Wa pili asiwe mtu anayeangalia kutoka dirishani kwa sababu nje kuna baridi. Shinikizo lipo, na mara nyingi ni la huruma: kuna mgonjwa anasubiri. Jibu kwa kitabu, onyesha ukurasa, andika hitilafu kwenye daftari la ndege. Iliyoandikwa haiwezi kuombwa isahaulike.

Malipo na kodi?

Mishahara hutofautiana, uliza kama kuna posho ya kaskazini, nyumba na tiketi. Sheria ya kodi ya Kanada humpa mkazi wa ukanda wa kaskazini punguzo la hadi dola 22 kwa siku kwenye mapato yanayotozwa, akiwa ameishi huko angalau miezi sita mfululizo. Anayekuja kwa mzunguko huku makazi yake yakiwa kusini kwa kawaida halipati, jambo la kuhesabu kabla hujachagua.

Nifanye mazoezi gani kabla sijafika?

Zana zako nyingi utanunua mwenyewe, kwa hiyo anza na chache nzuri, kila moja na nafasi yake kwenye sanduku ili ikikosekana ionekane. Safisha grisi ya kiwandani kwenye spana ya rachi na uweke nyepesi, la sivyo haitageuka kwenye baridi. Halafu chukua waya wa kufungia wa inchi 0.032, bolti mbili zenye matundu, na glovu nyembamba. Funga kwa mizunguko sita hadi nane kwa inchi, waya ukivuta upande wa kukaza. Zima taa, tumia ya kichwani. Rudia hadi uweze kumaliza kabla vidole havijaanza kufa ganzi ukiwa umeshika pakiti ya barafu kwa mkono mwingine.